Watoto wetu watacheza wapi?

Tunduma ni mji wa mpakani. Hapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam inakoma na nchi ya Zambia inaanza, na katika mji ule mtoto mwenye mpira hana budi awe na macho manne. Malori yenye shehena za kwenda Zambia, Kongo na nchi za kusini hupanga foleni kandoni mwa njia, moja nyuma ya jingine, na nyumba za watu zimekaa papo hapo ubavuni mwake. Mwezi uliopita nilikuwa huko kwa shughuli za Chama, nikafikia kwa mpwa wangu ambaye ni wakala wa forodha. Jioni ya siku ya pili, mwanawe wa miaka saba aliupiga mpira wake ukaingia chini ya lori lililosimama. Akaufuata akitambaa. Wakati uo huo foleni ikasogea, dereva akawasha mtambo. Mama mmoja muuza ndizi ndiye aliyepiga ukelele; utingo akausikia, akaupiga ubavu wa lori kwa kiganja, na dereva akazima. Mtoto akatoka na mpira kifuani, vumbi mwili mzima, asijue kwa nini mama yake analia.

Baba yake alitaka kumchapa. Mama yake akamzuia kwa maneno machache: "Utampiga kwa kosa gani? Niambie kwanza acheze wapi." Mpwa wangu akanigeukia mimi. "Mjomba, nyinyi ndio mnaokaa katika vikao. Tuwaambie nini watoto hawa?" Sikuwa na la kumwambia. Nilisema tu kwamba Jumapili tutawatoa matembezi. Hiyo ndiyo asili ya makala haya, ambayo nawaandikia ndugu zangu wa visiwani, pamoja na viongozi na watendaji wa Serikali popote walipo. Kwani jambo lenyewe si la Tunduma peke yake.

Tulianza kwa kuuliza pa kwenda. Tuliwauliza majirani watatu: ni wapi penye miti na majani, ambapo familia yaweza kutandika mkeka, watoto wakakimbia bila ya kuchungwa kama mbuzi? Wa kwanza alitutajia baa yenye bembea uani. Wa pili alicheka. Wa tatu akasema, "Nendeni Kimondo." Basi Jumapili asubuhi tulikodi gari dogo, tukaingia watu wanane pamoja na dereva: mpwa wangu, mkewe, watoto wao watatu, mimi, na mama mzaa mke, ambaye ni Mnyiha wa Mbozi. Tulichukua mkeka, chupa mbili za chai, chapati, maharage, ndizi na maparachichi.

Ukitoka Tunduma kwa barabara ya Mbeya unakwenda pamoja na malori mpaka Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe, mkoa mchanga uliozaliwa mwaka 2016 kwa kugawanywa Mkoa wa Mbeya. Mbele ya Vwawa unaiacha barabara kuu na kuingia mashambani. Huku kahawa, huku mahindi, na hewa ni ile ya baridi ya nchi ya juu ambayo sisi watu wa pwani huikaribisha kwa kujikunyata. Yule mtoto wa mpira alikuwa dirishani. Baada ya mwendo wa kitambo akauliza, "Malori yamekwenda wapi?" Watu wazima tukacheka, lakini nilipofikiri baadaye niliona kwamba mtoto yule hakuwa akifanya mzaha. Alikuwa hajapata kuona barabara isiyo na malori.

Kimondo chenyewe kipo katika kijiji cha Ndolezi, Wilaya ya Mbozi, kwenye mtelemko wa kilima. Ni bonge la chuma lililoanguka kutoka angani, urefu wake kiasi cha mita 3, kimo chake kiasi cha mita moja, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16. Sehemu tisa katika kumi ni chuma, na takriban yote iliyobaki ni nikeli. Ni miongoni mwa vimondo vikubwa kabisa vijulikanavyo duniani, ijapokuwa kile cha Hoba nchini Namibia chenye tani zipatazo 60 ndicho kiongozi wao. Zamani kilikuwa kimezama nusu ardhini. Udongo ulichimbwa pande zote, ukabakishwa ule ulio chini yake, na huo ukaimarishwa kwa saruji ukawa kitako. Hapana aijuaye siku kilipoanguka. Wenyeji hawana hata hadithi ya anguko lake, na hiyo ni dalili kwamba ni zamani mno.

Tulipokuwa watoto chuoni, tukiona kimondo kikipasua mbingu usiku, mwalimu alitufundisha kwamba vile ndivyo wanavyofukuziwa mashetani wanaodokoa habari za mbinguni. Tulikuwa tukitia vichwa ndani ya shuka. Sasa nilisimama mbele ya kimondo mchana kweupe, nikaweka kiganja changu juu yake, nikakuta ni chuma baridi, laini kama sufuria iliyosuguliwa miaka mingi. Niliikumbuka ile sura ya Msahafu iliyopewa jina la chuma. Skuli ya Serikali ilinipa hesabu ya tani na nikeli. Chuo kilinipa adabu ya kunyamaza mbele ya kitu kikubwa. Siku ile vyote viwili vilinifaa.

Watoto, wao, hawakunyamaza. Walizunguka, wakapanda na kushuka kilima, wakafukuzana katika majani mpaka kanzu ya mdogo wao ikageuka rangi. Mama yao alitandika mkeka chini ya mti, akalala usingizi mchana, jambo ambalo mumewe aliniambia hajaliona kwa mwaka mzima. Mama mkwe alikaa kando, amekielekea kimondo, akasema kwa sauti ya chini kwamba bibi zake hawakukitaja mbele ya mgeni, ulikuwa mwiko. Na habari zilizoandikwa zinaafikiana naye: watu wa Mbozi walikijua tangu zamani, lakini wageni hawakuambiwa. Yafaa tukumbuke pia kwamba Wanyiha walikuwa mafundi mashuhuri wa kuyeyusha chuma. Watu wenye vinu na nyundo walikaa na mlima wa chuma mlangoni mwao, wakautunza kwa heshima ya mwiko.

Mtoto wa mpira alikuwa amefika kwenye ncha ya kimondo. Akaita, "Babu!" (kwa nasaba mimi ni babu yake, ijapokuwa mvi zangu bado zahesabika). "Babu, njoo uone. Nani amekimega?"

Nikaenda. Ncha ile imejaa makovu ya kukatwa. Mwaka 1930 mpima ardhi mmoja aitwaye W. H. Nott alikitia kimondo katika maandishi, na mwishoni mwa mwaka ule ule mtaalamu wa miamba wa serikali ya kikoloni akakata kipande kwa msumeno ili kipimwe. Huo ulikuwa ukataji wa elimu. Lakini baada ya siri kufichuka walikuja wengine wasiokuwa na elimu wala idhini, kila mmoja na tindo yake, akitaka kipande cha kuweka juu ya kabati nyumbani kwake. Chuma kile ni kigumu sana. Aliyekata alitoka jasho. Walakini alikata. Na bila shaka kila mmoja wao alijiambia neno moja: kitu hiki ni kikubwa, nami nachukua kidogo tu.

Nilimjibu mtoto kwamba walikimega watu wengi, mmoja mmoja. Akauliza, "Hawakukatazwa?" Hapo niliona uso wangu unapata joto, na sasa nitasema sababu, kwani katika Chama tulifundishwa kwamba kujikosoa ndiko kunakoanza, na kukosoa wenzako kunafuata.

Miaka kadhaa iliyopita, katika mji mwingine ulio mbali na Songwe, nilikuwa mjumbe wa kikao kimoja. Lilikuja mbele yetu ombi la vibanda vinne vya biashara ukingoni mwa uwanja uliokuwa wazi, ambao watoto wa mtaa walikuwa wakichezea. Waombaji walikuwa vijana wetu wenyewe, watu wa dhiki, na ombi lao lilikuwa la haki. Hakuna aliyeuliza watoto watakwenda wapi. Nilinyosha mkono kukubali, nami nilidhani natenda wema. Mwaka wa pili vibanda vilikuwa tisa. Wa tatu vilipata kuta. Kisha ikaja ghala, kisha uzio wa ghala, kisha maegesho ya magari yaletayo mizigo ghalani. Mara ya mwisho nilipopita pale niliona goli moja tu la mpira. Nguzo za goli la pili zilikuwa zimefungwa kamba ya kuanikia nguo. Hapana hata mmoja kati yetu aliyeuza uwanja ule. Kila mmoja alimega kidogo. Wahenga walikwisha kutuonya: chovya chovya humaliza buyu la asali.

Kwa hiyo mtoto aliponiuliza nani amekimega, mmoja wa wenye tindo alikuwa amesimama karibu naye, amemshika mkono.

Sasa na tuirudie Tunduma. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu wapatao 97,000 katika mji huo. Sensa ya mwaka 2022 ikakuta zaidi ya 219,000. Katika miaka kumi mji umezidi mara mbili yake. Reli ya TAZARA, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, na barabara kuu ya Zambia ndizo zilizoukuza. Na tangu mwaka 2019, kilipofunguliwa kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, biashara imepata njia pana zaidi. Haya ni mambo ya kujivunia. Lakini mji unaokua kwa kasi namna hiyo hula ardhi kama moto ulavyo nyasi kavu, na ardhi ya kwanza kuliwa ni ile isiyo na mwenyewe. Shamba lina mwenyewe. Duka lina mwenyewe. Msikiti na kanisa vina wenyewe. Mahali pa watoto kuchezea ni pa wote, na kwa desturi yetu mbaya, cha wote huhesabiwa kuwa hakina mtu.

Asidhani mtu kwamba maradhi haya ni ya miji midogo tu. Nairobi, mji mkubwa wa jirani zetu, ulikuwa na bustani ya Uhuru Park, iliyofunguliwa na Rais Kenyatta mwaka 1969, mahali ambapo mtu wa kipato cha chini aliweza kuwalaza watoto wake kivulini siku ya Jumapili bila ya kulipa. Mwaka 1989 ikatoka habari kwamba ndani ya bustani hiyo litajengwa jumba la ghorofa 60. Waliokuwa nyuma ya jumba hilo hawakuwa wahuni wa usiku. Kilikuwa chama kilichokuwa kikitawala, na humo ndimo makao yake makuu yangewekwa. Marehemu Profesa Wangari Maathai aliandika barua, akaenda mahakamani, akatukanwa hadharani. Lakini mwishowe wenye fedha wakajitoa na jumba halikujengwa. Miaka kumi baadaye, mwaka 1999, alipigwa na kujeruhiwa alipokwenda kupanda mti katika msitu wa Karura, uliokuwa ukigawanywa kwa wajenzi. Leo msitu ule, wenye zaidi ya hekta 1,000, ni mahali pa matembezi ya familia ndani ya jiji lenyewe. Mimi ni mtu wa chama, nami naieleza habari hii makusudi kwa wenzangu wa chama: nasi twaweza kuwa wenye tindo, na tindo ya mkubwa hukata pande kubwa zaidi.

Nanyi ndugu zangu wa visiwani, msisome mkadhani kwamba haya ni ya bara. Sisi tuna bahati ya kuwa na mahali petu. Bustani ya Forodhani iliyotengenezwa mwaka 1936, kisha ikakarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, ni sebule ya Unguja nzima. Jioni moja pale utakuta tajiri na mchukuzi wamekaa ukuta mmoja wakielekea bahari moja. Tuna viwanja vya kufurahishia watoto vya Kariakoo kwa Unguja na Tibirinzi kwa Pemba. Tuna msitu wa Masingini, jirani kabisa na mji, ambao pamoja na kivuli chake hulinda vyanzo vya maji tunayokunywa. Lakini kisiwa hakina Mbozi ya kukimbilia. Sensa ya 2012 ilitukuta watu milioni 1.3, na ile ya 2022 karibu milioni 1.9. Watu wameongezeka, kisiwa hakikuongezeka hata shubiri moja. Ikiwa Tunduma yenye mashamba mpaka upeo wa macho mtoto anachezea chini ya lori, sisi tuliozungukwa na bahari tuna sababu maradufu ya kuwa macho.

Najua jawabu nitakalopewa, kwani mimi mwenyewe nimepata kulitoa. Watasema: mji unataka zahanati, madarasa, maji, kituo cha mabasi; bustani ni anasa ya watu walioshiba. Jawabu hili lina uzito, na halistahili kupuuzwa. Lakini tulipime. Zahanati isipojengwa mwaka huu, yaweza kujengwa mwaka ujao. Uwanja ukishajengwa majumba, mwaka ujao haurudi. Na kama utarudi, utarudi kwa kulipa fidia ya kila tofali. Kutenga ardhi leo, wakati bado ni shamba la mahindi pembezoni mwa mji, kunataka kalamu, mpima ardhi na mawe ya mipaka. Kesho kutataka tingatinga, mahakama na machozi ya watu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Isitoshe, mtoto anayevutwa kutoka chini ya magurudumu huenda akapelekwa kwenye zahanati ile ile tuliyosema ni muhimu kuliko uwanja wake.

Si kwamba hatuna sheria. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 imezipa halmashauri za miji mamlaka ya kupanga, na palipo na mamlaka pana dhamana. Kinachopungua ni mwiko. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka msingi wa kulinda vitu kama kimondo, lakini muda mrefu kabla ya sheria hiyo kililindwa na imani ya watu kwamba hakiguswi. Hatuwezi kurudisha miiko ya bibi zetu kwa amri. Ila twaweza kuufanya uwanja wa watoto uwe kitu ambacho mtu huona haya kukiomba, na kiongozi huona haya kukigawa.

Kwa maoni yangu, mambo manne yanawezekana bila ya kungoja mfadhili. La kwanza, kila eneo jipya linapopimwa viwanja, uwanja wa wazi na bustani vipimwe mwanzo, kabla ya kiwanja namba moja. Kwani tukiviacha mwisho, vitapewa bonde la maji machafu. La pili, uwanja upewe jina, uwekewe mawe ya mipaka, na mipaka hiyo isomwe katika mkutano wa hadhara wa mtaa ili kila mzee na kila mtoto aijue. Kitu kisicho na jina huibwa kwa urahisi. La tatu, ipandwe miti ya kivuli na ikabidhiwe kwa skuli za jirani, darasa hili mti huu na darasa lile mti ule. Mtoto aliyemwagilia mti hatamruhusu mtu kuukata. La nne, ombi lolote la kumega uwanja, hata la kibanda kimoja, hata la jengo la Serikali, hata la jengo la Chama, lipelekwe kwanza mbele ya wazazi wa mtaa ule, waulizwe, na jawabu lao liandikwe.

Kimondo nacho kisisahauliwe. Miaka ya karibuni usimamizi wake ulikabidhiwa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, na Juni 30, siku ambayo Umoja wa Mataifa umeiweka kuwa ya kukumbuka vimondo duniani, imekuwa ikiadhimishwa Mbozi kwa shamrashamra. Ni vyema. Lakini kimondo hakiwezi kubeba peke yake Jumapili zote za watoto wa mkoa mzima. Mpwa wangu alipiga hesabu tukiwa njiani kurudi: gari la kukodi, mafuta, kiingilio, chakula. Akasema safari kama ile ataimudu mara moja kwa mwaka, labda mbili. Mama muuza ndizi aliyemwokoa mtoto wetu ana watoto wanne. Sikuthubutu kumuuliza yeye ataimudu mara ngapi.

Tuliingia Tunduma magharibi. Foleni ilikuwa palepale. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwangu, mpira wake mkononi, na asubuhi yake alitoka nao tena nje, kwani mtoto hawezi kukaa ndani kama sanduku.

Nina ombi moja kwa kila ndugu mwenye kiti katika kikao cha kugawa ardhi, Tunduma, Vwawa, Unguja, Pemba na kwingineko. Kabla ya mkono kunyoshwa, mtu mmoja asimame aulize: watoto watacheza wapi? Kisha asikae mpaka jawabu limeandikwa katika kumbukumbu za kikao. Mimi sikuuliza siku yangu ilipofika.